Gauni Alilolifumua Bwana Futi

Kwa miaka ishirini na miwili Bwana Futi hakuwahi kumuuliza mwanamke anavaa saizi gani. Mteja akivuka kizingiti, yeye humtupia jicho mara moja tu, mabegani, kiunoni, magotini, kisha huzama katikati ya magauni yaliyoning'inia na kuibuka na moja mkononi. Mara nyingi lilikuwa ndilo. Jina la Futi alipewa na wateja hao hao, kwa ajili ya ile futi ya kitambaa aliyoivaa shingoni kutwa nzima bila kuitumia sana. Walimtania kwamba ameivaa kama daktari avaavyo mipira yake ya kusikilizia moyo, ili watu wamwogope.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya duka la dawa na kibanda cha makava ya simu. Dirishani yalisimama masanamu matatu ya kuvalisha nguo, moja halina mkono wa kushoto, hivyo siku zote lilitupiwa shali begani. Ndani kulikuwa na pazia la maua, nyuma ya pazia kioo kirefu na kigoda, na kwenye pembe kabisa cherehani ya kukanyaga kwa ajili ya kupunguza kiuno au kupandisha pindo. Kuna wanawake waliopita nyuma ya lile pazia wakiwa wasichana wa shule, wakarudi kununua gauni la kuendea kazini, wakarudi tena na binti zao.

Kisha biashara ikaanza kumponyoka kidogo kidogo, na mwanzoni hakulitilia maanani. Watu walikuwa bado wanaingia. Walipima, walijigeuza mbele ya kioo, walijipiga picha, waligeuza lebo nayo wakaipiga picha, kisha wakasema, "Nitarudi." Hilo ni neno la kawaida katika maduka ya nguo, na zamani wachache walirudi kweli. Sasa hakuna aliyekuwa akirudi. Jirani yake wa makava, kijana mcheshi asiyejua kunyamaza, ndiye aliyemfumbua macho.

"Mzee, hapa kwako pamekuwa chumba cha kujaribia," alimwambia siku moja huku akicheka. "Wanapima kwako, wananunua kwenye simu. Ungeweka kiingilio, ungetajirika."

Bwana Futi naye alicheka, lakini maneno yale yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Akaanza kujibana. Yeye na mkewe walihama nyumba waliyokaa miaka mingi, wakapanga ndogo zaidi upande wa pili wa mji. Watoto walishakuwa watu wazima wenye kwao, kwa hiyo mkewe alisema haidhuru, sebule ndogo haichoshi kufagia. Baada ya hapo alimwondoa msaidizi wake.

Msaidizi huyo walimwita Dada Pini, kwa sababu alikuwa na desturi ya kubana pini midomoni wakati wa kurekebisha nguo na bado akaweza kuongea na mteja. Aliingia dukani akiwa hajui hata kukunja blauzi. Kwa miaka tisa Bwana Futi alimfundisha kila kitu: kusoma kitambaa kwa vidole, kujua mshono utakaodumu na utakaoachia, kumwambia mteja ukweli bila kumvunja moyo. Alimwita "mwanangu" naye akaitwa "baba". Na siku ya kumwondoa hakuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba kazi imekwisha. Ilikuwa Jumamosi jioni, binti anapanga sketi, na yeye akasema huku akitazama mlangoni, "Mwanangu, kuanzia Jumatatu pumzika kidogo nyumbani. Nikikuhitaji nitakupigia." Hakumpigia. Mwezi wa kwanza alijiambia atampigia mwezi wa pili, na baada ya hapo akaona aibu kupiga. Mwaka na nusu ukapita.

Lililomkata maini lilitokea siku ya Jumatano, asubuhi.

Mwalimu mmoja, mteja wake wa tangu zamani, alikuwa amekuja wiki tatu kabla akajaribu magauni saba. Bwana Futi alimtolea, akamrudishia, akamfungulia hata lile boksi lililokuwa bado halijafunguliwa. Gauni la mwisho, la kijani kibichi lenye mikono ya robo tatu, lilimkaa kama amezaliwa nalo. Mwalimu akalipiga picha, akashukuru, akasema atarudi. Na Jumatano hiyo alirudi kweli, lakini alikuwa amebeba gauni lile lile ndani ya mfuko wa plastiki.

"Bwana Futi, naomba unipunguzie hapa kiunoni," alisema bila wasiwasi wowote. "Nimeliagiza mtandaoni, limekuja kubwa kidogo. Lile lako lilinikaa vizuri zaidi, nakumbuka."

"Umeliagiza wapi, mwalimu?"

"Kwa hawa Kabati la Nyumbani. Wanaleta mpaka mlangoni. Na huyo dada mwenyewe ana adabu, anakuelekeza hadi namna ya kujipima."

Alilipunguza lile gauni. Mguu wake ulikanyaga cherehani, mkono ukasukuma kitambaa, na uso wake ulikuwa unawaka moto kama aliyepigwa kofi mbele za watu. Mwalimu alipoondoka, alikaa kwenye kile kigoda nyuma ya pazia akatazamana na sura yake kiooni. Mteja wake wala hakujua kwamba amefanya jambo la kuudhi. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Jioni ile, mkewe akiwa jikoni, alichukua simu ya mkewe iliyokuwa ikichajiwa na kulitafuta hilo Kabati la Nyumbani. Hakuona uso wa mtu. Aliona nguo zimeangikwa kwenye ukuta mweupe, na mkono wa mwanamke ukigeuza pindo kuonyesha mshono kwa ndani. Wateja walisifu chini yake, mmoja baada ya mwingine. Bwana Futi akaagiza gauni la zambarau, kwa simu ile ile ya mkewe na jina lile ambalo mkewe alilitumia mtandaoni, Ua la Asubuhi. Akaomba mzigo uachwe kwenye kituo cha mafuta karibu na nyumbani. Siku ya pili mwendesha pikipiki akamkabidhi.

Alilifungua dukani, baada ya kushusha mlango nusu. Alitaka sana liwe bovu. Aligeuza ndani nje, akavuta mishono, akalipeleka kwenye mwanga. Lilikuwa gauni zuri. Mtu alikuwa ameupitia kila mshono mara ya pili, kwa uzi wa rangi ile ile, kwa mkono usio na haraka.

Hapo ndipo alipochukua wembe.

Alikata uzi chini ya kwapa la kulia, nyuzi kama kumi na mbili, akaachanisha kitambaa kwa vidole mpaka tundu likaonekana, kisha akafanya vivyo hivyo ubavuni. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Akapiga picha tatu. Mkewe alikuwa mwanachama wa kundi moja kubwa la akina mama kwenye simu, watu zaidi ya elfu mbili, mahali walipoulizana habari za yaya, madaktari na nguo. Mwenyewe hakuwahi kuandika humo hata salamu. Jioni ile Bwana Futi akaandika kwa niaba yake: "Akina mama wenzangu, msiibiwe kama mimi. Hili nimelivaa mara moja tu, kwenda kuona wagonjwa, likaniachia mbele za watu. Kabati la Nyumbani ni matapeli."

Kabla hajairudisha simu mahali pake, majibu yalishaanza kumiminika. Pole mama. Asante kwa kutufumbua. Na mimi nilikuwa nimeagiza, acha nifute. Nilijua tu, vya mtandaoni ni hivyo hivyo. Bwana Futi alikula vizuri usiku ule, akaongeza sahani.

Kesho yake asubuhi, akiwa kazini, mkewe alimpigia.

"Mume wangu, kuna mtu kaniandikia ananiomba radhi sana. Anasema ananiletea gauni jingine Jumapili kwa mkono wake mwenyewe. Na kwenye kundi watu wananipa pole. Gauni gani hilo? Na nani ameandika kwa jina langu?"

Alikuwa amesahau kabisa kwamba mwenye Kabati la Nyumbani naye angeweza kujibu.

"Nilitaka kukushtukiza," alisema. "Nilikuagizia gauni. Likaja bovu, nikapandwa na hasira."

Akasikia sauti ya mkewe imebadilika, imekuwa laini kama ya siku za uchumba wao.

"Uliniagizia mimi?"

Hapo hapo ilimjia kwamba tangu wafungue duka, mkewe hakuwahi kuvaa gauni lililochaguliwa kwa ajili yake. Alivaa yaliyobaki: rangi zilizokataliwa, saizi zilizododa, gauni la sanamu lililopauka kwa jua la dirishani. Aliyapokea yote na kuyarekebisha mwenyewe, na wageni walimsifu, "Wewe bwana, mke wa muuza nguo." Sasa alikuwa anacheka kwenye simu kama msichana. Alisema ameshamjibu yule dada wa gauni na kumwelekeza nyumba, ya pili baada ya shule ya chekechea, geti la kijani. Alisema pia kwamba mumewe angeandika kwa upole zaidi, maana yule dada anaonekana mtu mstaarabu.

Siku zilizofuata, Bwana Futi alitafuta sababu ya kutokuwepo Jumapili na hakuipata. Saa kumi alasiri mlango ukabishwa. Mkewe akaenda kufungua, na yeye, aliyekuwa amejikunyata kwenye kiti akijifanya anasoma gazeti, akasikia kelele za furaha.

"Jamani, ni wewe? Mwanangu, ni wewe mwenyewe?"

Dada Pini aliingia sebuleni ameshikwa mkono. Alikuwa amekonda kidogo na amevaa vizuri, na bega moja limeinama kwa uzito wa mkoba. Alipomwona Bwana Futi alisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu, gazeti likimtelezea magotini.

"Kumbe ndiye wewe wa Kabati la Nyumbani," mama alikuwa akisema, "na hukutuambia! Tulihama, ndiyo maana hukuijua nyumba. Keti, keti. Usiwe na wasiwasi na hilo gauni, kuharibika ni jambo la kawaida."

"Hapana, mama," Dada Pini alisema. "Sijalala vizuri tangu nione zile picha. Nguo zangu nanunua kwa jumla, lakini kila mshono naupitia mwenyewe kabla sijatuma. Baba ndiye aliyenizoesha hivyo. Naomba nilione, nijue nilikosea wapi."

Mama akalileta gauni la zambarau. Dada Pini akalipeleka dirishani, akaligeuza ndani nje, akalaza kwapa la kulia juu ya kiganja chake. Bwana Futi alikuwa anajua atakachokiona, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemwonyesha, miaka kumi iliyopita, mbele ya cherehani. Uzi ukikatika kwa kuvutwa huacha ncha zilizochakaa, tena huvuta kitambaa na kuacha vikunjo pembeni. Uzi uliokatwa kwa wembe huwa na ncha safi. Kidole gumba cha binti kilipita juu ya zile ncha mara moja, kikarudi mara ya pili, kikatulia.

"Ni kosa langu, mama," Dada Pini alisema mwishowe bila kuinua macho. "Mshono haukushika. Nimekuletea jingine, jaribu tuone."

Mama akaingia chumbani na gauni jipya kifuani. Mlango ulipofungwa, sebule ikabaki na watu wawili na saa ya ukutani.

"Baba," Dada Pini alisema kwa sauti ya chini. "Uzi huu umekatwa."

Bwana Futi akatazama gazeti lililokuwa magotini mwake.

"Ulijua ni mimi?"

"Sikujua. Haki ya Mungu, mwanangu, sikujua."

"Na kama angekuwa mtu mwingine?"

Bwana Futi akalikunja gazeti mara mbili.

"Tangu Alhamisi watu wanafuta oda," binti aliendelea, na hakuwa anagombeza. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Mmoja ameniandikia kwamba anajuta kunifahamu. Nimekaa nikijiuliza nimesahau mshono gani. Nilifungua mzigo mzima, magauni arobaini, nikayapitia upya yote. Nilifikiri macho yangu yameanza kuharibika."

"Mwanangu..."

"Nyamaza, baba. Mama anakuja."

Mama akatoka. Gauni lilimkaa. Lilimshika mabegani, likamtelezea kiunoni, likamsimamia vizuri chini ya goti, na yeye alikuwa akitembea taratibu kana kwamba sakafu itavunjika. Akamwangalia mumewe. "Nikoje?" aliuliza.

"Umependeza," alisema, na ilikuwa kweli, na kusema ukweli ule kulimuumiza kuliko uongo wote wa wiki ile.

Dada Pini akapiga goti, akabana pini midomoni, akapandisha pindo upande mmoja kwa upana wa ukucha. Alikataa chai. Alipoondoka alilikunja lile gauni la zambarau lililofumuliwa, akalitia mkobani, akamkumbatia mama mlangoni. Kwa Bwana Futi alisema tu, "Kwaheri, baba," na hakumpa mkono.

Mama alikaa na gauni jipya mwilini jioni yote. Alipika nalo, akalifunika kwa kanga. Alimpigia dada yake akamweleza. Bwana Futi alivumilia mpaka chakula kilipowekwa mezani, na alipoona ameketi kwa uangalifu, akiinua pindo lisiguse kiti, akashindwa.

"Mke wangu, lile gauni halikuharibika. Nililikata mimi."

Akamweleza yote, tangu mwalimu na mfuko wake wa plastiki mpaka wembe. Hakuacha hata lile la kumtuma binti nyumbani kwa ahadi ya simu, maana mkewe aliambiwa kwamba Dada Pini ameacha kazi kwa hiari. Mama alisikiliza mikono ikiwa mezani. Mumewe alipomaliza, aliinuka, akaingia chumbani, akarudi amevaa kitenge chake cha kila siku. Gauni jipya lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wake.

"Kwa hiyo hukuniagizia," alisema.

"Hapana."

"Nimempigia dada yangu. Nimemwambia mume wangu amenikumbuka." Aliketi tena. "Miaka yote hii nimevaa yaliyokosa mnunuzi, na sijawahi kukuuliza kitu. Leo nilifurahi kama mjinga."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Bwana Futi alitamani angempandishia sauti, ajue pa kushika.

"Utaandika kwenye kundi," mkewe alisema baadaye. "Lakini si kwa jina langu. Jina langu umeshalichafua. Andika kwa lako, na la duka."

Alikaa na simu mpaka chakula kikapoa. Aliandika, akamwonyesha. Mkewe akasoma akasema, "Toa hapo uliposema biashara imekuwa ngumu." Akatoa. Akaandika tena. "Toa hapo uliposema hasira." Akatoa. Kila alichokitoa kilikuwa ni kile alichotaka watu wakione. Mwisho yakabaki maneno machache: kwamba yeye ni mwenye duka la nguo karibu na duka la dawa, kwamba gauni la Kabati la Nyumbani halikuwa na kasoro, kwamba alilikata yeye kwa wembe na kudanganya, na kwamba anaomba radhi kwa mwenye Kabati na kwa kila aliyemwamini. Mkewe akayatuma kwenye kundi, na chini yake akaongeza mstari wake wa kwanza kabisa: "Ni kweli. Ni mume wangu."

Majibu yaliyofuata hatuna haja ya kuyarudia. Wapo waliocheka mpaka wakachora vikatuni. Wapo waliosema walikuwa wateja wake na sasa wanatapika. Mwalimu naye alikuwamo, aliandika tu, "Bwana Futi, mimi ningekuomba msamaha ungeniambia." Hilo alilisoma mara nyingi kuliko matusi.

Jumanne alikwenda kwa Dada Pini na mfuko wa gauni jipya mkononi. Alimkuta kwenye nyumba ya vyumba viwili, kimoja kimejaa bomba la kuangikia nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anazungumza na wateja kwenye simu iliyosimamishwa juu ya mkebe, anawaonyesha namna ya kujipima kifua kwa kamba ya kiatu na rula. "Usijibane tumbo, mpendwa," alikuwa anasema. "Gauni litakujua tu." Ilikuwa sauti ya dukani kwake, hata namna ya kunyamaza kidogo kabla ya kutaja saizi. Bwana Futi alisimama nje mpaka alipomaliza.

"Nimeleta hili," alisema. "Mama amesema nikurudishie."

"Hilo ni la mama. Sikukupa wewe." Hakuupokea mfuko. "Nimeona ulichoandika."

"Wateja wamerudi?"

"Baadhi."

Alikuwa ameandaa maneno njiani, nayo yakatoka yote kwa pamoja: kwamba arudi dukani, waunganishe nguvu, yeye aweke nguo zake dirishani, wagawane chochote kitakachopatikana. Alipoishiwa na pumzi, Dada Pini alikuwa anakunja kamba ya kiatu kuzunguka vidole viwili.

"Baba, uliniambia nipumzike, utanipigia. Nilikaa na simu mkononi miezi mitatu. Nikienda kuoga naenda nayo. Mama yangu alidhani nina mchumba." Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilofika machoni. "Ungeniambia tu kwamba kazi hakuna. Ningelia siku mbili nikaendelea na maisha yangu."

"Nilikosa ujasiri."

"Najua. Ndivyo ulivyokosa na safari hii."

"Utanisamehe?"

Alifikiri kwanza. Ndivyo alivyokuwa tangu zamani, hajibu kabla ya kufikiri.

"Sisemi sitakusamehe. Nasema bado. Na dukani sirudi." Kisha simu yake ikaita, akasema, "Samahani, baba, ni mteja," akageuka. Bwana Futi alirudi na mfuko wake.

Mkewe aliliangika gauni upande wake wa kabati bila kulitoa kwenye plastiki, na hajalivaa hadi leo. Wanaongea, wanakula pamoja, anamtengea maji ya kuoga kama kawaida. Lakini akisifiwa nguo na mtu, hamtazami mumewe tena.

Duka lilipunguzwa. Jirani wa makava alichukua nusu ya mbele, pamoja na dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu afahamike hakufanya utani. Bwana Futi akabaki na nusu ya nyuma, cherehani, kioo na mabomba mawili ya magauni. Wiki kadhaa baadaye wakaingia wanawake wawili asiowajua, mmoja akibaki mlangoni.

"Wewe ndiye yule aliyekata gauni?" wa kwanza akauliza.

Angeweza kusema yule amehama. Upande wa pili jirani alikuwa akisikiliza.

"Ndiye mimi," alisema.

Mwanamke akamtazama, kisha akachagua sketi ya bluu, akaigeuza ndani nje pale pale mbele yake. Akavuta mshono wa kwanza kwa nguvu. Akavuta wa pili. Bwana Futi akamwashia taa ili aone vizuri, akamshikia hanga, akasimama pembeni akingoja amalize.